Barua ya wazi kwa wizara na Baraza la Sanaa: Anayetuchagulia Venice awe wa kwetu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa, Dodoma,
na kwa Katibu Mtendaji, Baraza la Sanaa la Taifa, Dar es Salaam.

YAH: UTEUZI WA KYURETA WA BANDA LA TANZANIA KWENYE BIENALE YA VENICE

Waheshimiwa,

Naandika barua hii nikiwa kibandani kwangu Mwenge, gogo la mpingo limelala miguuni na tezo iko pembeni. Nachonga tangu nina miaka kumi na miwili. Alinifundisha marehemu baba, naye alifundishwa na baba yake huko Mueda, kabla ukoo wetu haujavuka Ruvuma kuja upande huu. Sina shahada ya sanaa. Nina miaka arobaini na mitano ya kazi, na nina ombi moja: banda la Tanzania kwenye Bienale ya Venice liongozwe na kyureta mzawa (kyureta ni mtu anayechagua na kuzipanga kazi za maonyesho), ateuliwe mapema na kwa uwazi, na neno la mwisho kuhusu kinachoingia bandani liwe lake.

Kwa ndugu msomaji ambaye hajawahi kuisikia Bienale, ni maonyesho ya sanaa yaliyoanza mwaka 1895 huko Italia, hufanyika kila baada ya miaka miwili, na mpangilio wake haupishani sana na Sabasaba. Kuna maonyesho makuu yanayoandaliwa na mtu aliyeteuliwa na wenyeji, halafu kila nchi inayoshiriki ina banda lake na inajichagulia yenyewe cha kuweka ndani. Hilo la banda ndilo linalotuhusu. Serikali ndiyo inayoandika barua ya kushiriki na ndiyo inayomteua kamishna. Jina linaloandikwa mlangoni ni la Jamhuri.

Mwaka 2024 jina letu liliandikwa mlangoni kwa mara ya kwanza. Picha nilizipata kwenye simu, nikawaita vijana wanaonisaidia kupiga msasa, tukaziangalia pamoja. Haji Chilonga, Happy Robert, Lute Mwakisopile, Naby. Nawapongeza wote wanne kwa dhati, na ninyi pia nawapongeza, maana bila mkono wa wizara lile banda lisingekuwepo. Lakini kijana mmoja aliendelea kusoma maelezo ya chini, akaniuliza, "Mzee, sasa huyu kyureta mbona ni Mwitaliano?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kyureta yule simlaumu, alipewa kazi akaifanya. Swali la kijana nalileta kwenu kwa sababu ninyi ndio mnaotia saini.

Huenda mkasema ni jambo dogo, maadamu wasanii ni wetu. Naomba nianze na yaliyonikuta mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye maonyesho katika mji mmoja wa Ulaya. Nilipeleka ujamaa mmoja, sanamu ya watu waliobebana kuzunguka gogo, babu chini kabisa na wajukuu juu, urefu wake mita moja na robo, kazi ya miezi saba. Nilipoingia ukumbini niliikuta imesimamishwa kwenye kona, karibu na meza ya vinywaji. Ubavuni ilibandikwa karatasi ndogo. Nilimwomba kijana mmoja Mkongo aliyekuwa akifanya usafi pale anisomee, akanisomea kwa Kiswahili cha kwao, taratibu: "Sanamu ya kabila la Wamakonde, Afrika Mashariki." Basi. Jina hakuna, mwaka hakuna. Na mimi nimesimama pale pale, nimevaa suti niliyoshonewa Kariakoo kwa ajili ya siku hiyo.

Nikamwuliza mwenyeji wangu kwa heshima, mbona jina langu halipo. Akanijibu kwamba wageni wa kule hupenda kuiona kama kazi ya jamii nzima. Kesho yake akaniomba nivue suti, nivae shuka nyekundu aliyoinunua yeye, nikae sakafuni nichonge watu wakiangalia. Shuka nyekundu, waheshimiwa. Mimi ni Mmakonde.

Nilikaa. Posho ile niliihitaji, nyumbani kulikuwa na ada za shule. Nikachonga siku mbili mbele ya watu wenye glasi mikononi, vumbi la mpingo likinichoma pua kwa sababu pale ndani hapakuwa na upepo, na kyureta akasimama akaieleza kazi yangu kwa dakika ishirini, akapigiwa makofi. Niliporudi Dar niliacha kutia jina langu kwa kalamu. Siku hizi nalichonga kwa patasi kwenye kitako cha sanamu, herufi kubwa, pamoja na mwaka.

Kyureta ndiye anayeandika ile karatasi. Ndiye anayeamua kazi isimame kwenye mwanga au kwenye kona, ipakane na nini, mgeni aikute anapoingia au anapotoka. Waandishi wa habari wanamhoji yeye. Wakurugenzi wa makumbusho wanakula naye chakula cha jioni, na namba zao zinabaki kwenye simu yake. Maonyesho yakifungwa Novemba, msanii anarudi na sanamu yake kama haikupata mnunuzi, na kyureta anarudi na uzoefu, marafiki, na mwaliko wa kazi nyingine. Akiwa wa kwetu, hayo yote yanatua naye uwanja wa Julius Nyerere, na kesho kutwa yuko Mikocheni au Bagamoyo akiwaeleza vijana namna mambo yanavyokwenda. Akiwa si wa kwetu, yanabaki huko huko, nasi awamu inayofuata tunaanza upya kutafuta mtu wa kutupeleka.

Majirani zetu wa Kenya walipitia hili kwa uchungu mkubwa kuliko sisi. Waliingia Venice kwa mara ya kwanza mwaka 2013, makyureta wakiwa Waitaliano. Ukiisoma orodha ya wasanii unamkuta mzee Kivuthi Mbuno, ambaye michoro yake ya wawindaji na wanyama inajulikana mbali, unamkuta Chrispus Wangombe Wachira, halafu wengi wa waliobaki ni Wachina. Ndani ya banda la Kenya. Mwaka 2015 orodha ikatangazwa tena, na tena Wachina ndio wengi, na miongoni mwa wachache waliosalia yumo Mwitaliano aliyekaa Malindi miaka mingi. Safari hiyo Nairobi haikunyamaza. Wasanii wakaandika, wakakusanya saini, Michael Soi akachora mfululizo mzima wa picha kuhusu aibu ile. Hatimaye waziri wao wa wakati huo, Hassan Wario, akajitokeza hadharani kulikana banda lililobeba jina la nchi yake.

Jambo kama hili halihitaji mtu mwenye nia mbaya. Linahitaji tu wizara isiyo na fungu. Nchi isiyo na jengo lake ndani ya bustani za Bienale (na kwa Afrika ni Misri peke yake iliyo nalo) hukodi nafasi kwa miezi ile yote, hulipia usafirishaji, bima, walinzi, umeme. Anatokea mtu na barua nzuri: nitawaandalia kila kitu, serikali haitatoa hata senti. Ofisi inaona afadhali kuliko kukosa. Lakini mtu huyo naye hachimbi fedha nyumbani kwake. Inabidi atafute wa kulipa, na anayelipa anataka chake kitundikwe. Kinatundikwa, chini ya bendera yenu. Rahisi ghali.

Mwaka ule ule wa 2013, Angola nayo ilikuwa mgeni Venice. Walipewa jumba la kale lililojaa michoro ya Kiitalia ya karne na karne. Hawakugusa ukuta. Walipanga sakafuni marundo ya picha kubwa za Edson Chagas, picha za vitu vilivyotupwa katika mitaa ya Luanda, na mgeni aliruhusiwa kuchukua nakala aondoke nayo. Wakatunukiwa Simba wa Dhahabu wa banda bora, nchi ya kwanza ya Afrika kupata tuzo hiyo. Makyureta walikuwa wawili, Mwitaliano mmoja na Paula Nascimento, msanifu majengo wa Luanda. Nautaja mfano huu makusudi, kwa sababu sidai kwamba mgeni asikanyage bandani kwetu. Alikuwepo mgeni, na alikuwepo mwenyeji mwenye sauti, na matokeo tuliyaona.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Zimbabwe. Misukosuko ya uchumi wao tunaijua sote, noti zao za matrilioni watu walikuwa wanatuonyesha hapa mjini kama kichekesho. Pamoja na hayo, tangu mwaka 2011 hawajakosa awamu hata moja ya Venice. Wanaoshika usukani ni National Gallery yao ya Harare. Raphael Chikukwa aliandaa banda la kwanza na kadhaa yaliyofuata, na kufikia 2022 na 2024 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Fadzai Muchemwa, mwanamke aliyekulia kikazi ndani ya taasisi hiyo hiyo. Kyureta mmoja amemlea mwingine. Fedha za miujiza hawakuwa nazo. Walikuwa na taasisi iliyoamua kwamba hii ni kazi yake, na watu wale wale waliorudi mwaka hadi mwaka wakizidi kuijua. Na Wakenya wenyewe, baada ya ile aibu, walimpa Jimmy Ogonga banda la 2017 na la 2022. Mwaka 2017 fedha zilizoahidiwa zilichelewa, wakafungua hivyo hivyo kwenye jengo lililowahi kuwa shule, kisiwani Giudecca, na ndani wakaingia kina Peterson Kamwathi, Arlene Wandera, Paul Onditi na Richard Kimathi. Hakuna aliyeuliza hawa ni wa wapi.

Waganda nao. Walipoingia 2022 kwa mara ya kwanza, wakiwa na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, walirudi na tuzo ya kutajwa kwa heshima. Kerunen alipeleka ukindu, majani ya migomba na magome, kazi iliyopita mikononi mwa kina mama wasusi wa Uganda kabla ya kufika Venice. Kyureta wao, Shaheen Merali, anaishi London, ila ni mzaliwa wa hapa Tanzania. Nililisoma hilo nikacheka kwa furaha, halafu nikanyamaza.

Sasa naomba mwangalie nani walikuwa majirani zetu mwaka huo tulioingia sisi, maana 2024 haukuwa mwaka wa kawaida. Simba wa Dhahabu wa banda bora alikwenda Australia, kwa Archie Moore, mtu wa Wakamilaroi na Wabigambul, watu wa asili wa kule. Alipaka banda rangi nyeusi, kuta na dari, akaandika kwa chaki nasaba ya ukoo wake kurudi nyuma miaka 65,000. Kwa mkono, jina kwa jina. Katikati aliweka meza yenye marundo ya nyaraka kuhusu watu wa asili waliofia mikononi mwa dola, na kuizunguka akaweka maji ili usiweze kuikaribia. Simba mwingine wa Dhahabu, wa msanii bora katika maonyesho makuu, walitunukiwa wanawake wanne wa Kimaori wa New Zealand wanaojiita Mataaho Collective. Hao walisuka mkeka. Mkeka mkubwa wa kufunika anga ya ukumbi, wakitumia mikanda ya kufungia mizigo, ile ile mnayoiona kwenye malori ya Tunduma. Mama yeyote wa Pemba au Mafia angesimama chini yake akatambua mkono ulivyopita juu na chini. Na banda la Brazil lilibadilishwa jina kabisa, likaitwa Hãhãwpuá, kwa lugha ya wenye ardhi. Makyureta wake watatu, Arissana Pataxó, Denilson Baniwa na Gustavo Caboco Wapichana, wote ni watu wa asili, na aliyekuwa mbele ni Glicéria Tupinambá na joho la manyoya lililoshonwa kwa mfano wa yale ya mababu zake ambayo Ulaya iliyachukua.

Miaka miwili kabla, Norway, Sweden na Finland walikuwa wamelitoa banda lao la pamoja kwa Wasami, watu wa asili wa kaskazini kule, pamoja na jina lake.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyevalishwa shuka ya kununuliwa. Walisimama wakajieleza wenyewe, dunia ikawasikiliza, na wengine ikawapa Simba. Sisi, katika mwaka huo huo, tulikwenda tukieleza nafsi zetu kupitia mtu mwingine. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Nina neno zito, na ninapolisema najihesabu na mimi. Neno "mzawa" tunalipenda sana linapotubeba mbele ya Mzungu. Lakini ndani ya nchi hii wapo waliotutangulia sote. Wapo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wapo Wasandawe. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, ile ya kale zaidi ilichorwa kabla Mbantu yeyote hajafika pale na jembe lake. Nami nimeona, kwenye maonyesho yetu wenyewe, Mhadzabe amewekwa getini na upinde wake ili wageni wapige picha, huku ndani ya ukumbi maelezo kuhusu Wahadzabe yameandikwa na mtu mwingine kabisa. Nimewaona kina mama wa Kimaasai. Anayetunga shanga anaitwa mama wa shanga. Anayempiga picha akizitunga anaitwa msanii. Tukimpata kyureta mzawa halafu akawafanyia hawa yale niliyofanyiwa mimi, basi tumebadilisha mkono tu, fimbo ni ile ile. Kwa hiyo naomba uteuzi wenu uandikwe hivi: kazi inayotoka kwenye jamii fulani isipelekwe nje bila mtu wa jamii hiyo kukaa mezani wakati wa kuchagua, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya waandaaji, sio kwenye orodha ya shukrani.

Mtaniambia nchi haina makyureta. Nimelisikia hilo mara nyingi, na linasemwa na watu wenye nia njema. Waheshimiwa, nchi hii ilikuwa na Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, mchoraji na mwalimu, ambaye kazi yake iko kwenye hazina ya Museum of Modern Art pale New York, na aliyetuwakilisha London kama balozi tulipopata uhuru. Ilikuwa pia na Elimo Njau wa Marangu, aliyekwenda Nairobi akaanzisha Paa ya Paa miaka ya sitini, mahali pa wasanii kuonyesha na kubishana, nyumba iliyowalea wengi. Hao walichagua, walitundika, waliandika, walifundisha. Kazi ya kyureta waliifanya, neno ndilo halikuwepo. Michoro yao na ya wenzao wa Kenya na Uganda ilipotundikwa Munich, Ujerumani, ilikusanywa chini ya jina la Kiswahili: Mwili, Akili na Roho. Aliyesukuma jambo hilo ni Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, ambaye pia ndiye aliyeanzisha taasisi ya sanaa ya kisasa pale Nairobi.

Na mwaka 2022, kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, vijana wa kikundi cha Wajukuu kutoka Lunga Lunga, mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, waliufunika mlango wa ukumbi mkubwa kwa mabati yenye kutu, mgeni akawa anaingia kwa njia nyembamba yenye giza kama anayeingia mtaani kwao, au ndani ya nyumba ya Kimaasai. Humo ndani Ngugi Waweru alikuwa ameweka sanamu iliyotengenezwa kwa visu, vile visu vya jikoni vilivyonolewa mpaka vikaisha. Mimi ni mtu wa chuma na mti, na picha ya visu hivyo niliikodolea macho usiku mzima. Hawakuletewa mtu wa kuwapanga. Walijipanga, na wakapewa tuzo ya Arnold Bode.

Watu wapo. Kinachokosekana ni kuwapa kazi mapema, kabla hawajakata tamaa wakaenda kuuza vifaa vya simu.

Mapema maana yake nini? Naomba niseme kama fundi. Tangu mwaka 2017 mpingo uko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kinyago kidogo cha mtalii hakina shida, ila shehena ya sanamu nzito inataka kibali kabla haijavuka mpaka. Kasha nalo: mbao za kusafirishia mzigo kwenda Ulaya lazima ziwe zimepitishwa kwenye joto au dawa na kugongwa mhuri, la sivyo mzigo unazuiwa bandarini, hata kama ndani kuna kazi ya miezi saba. Sanamu ya mpingo haipendi kutolewa kwenye joto la Dar na kuingizwa kwenye ukumbi mkavu ghafla, inapasuka, na ufa wa mpingo haufichiki. Inatakiwa ikauke taratibu, ipakwe nta, izungushiwe godoro, iachiwe nafasi ya kupumua. Halafu kuna viza. Namjua msanii, jirani yangu hapa, aliyepata viza yake siku tatu baada ya maonyesho yake kufunguliwa. Sanamu zilifika, yeye hakufika. Kyureta wa hapa anayajua haya yote bila kuambiwa, kwa sababu yamemkuta yeye au ndugu yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa sababu hiyo naomba tangazo la awamu ya 2028 litoke mapema, angalau mwaka mmoja na nusu kabla ya ufunguzi. Litoke kwa Kiswahili, libandikwe na kwenye ofisi za utamaduni za wilaya, maana si kila msanii yuko Dar. Jopo la kuchagua liwe na wasanii ndani yake, na majina ya jopo yajulikane. Mkataba wa kyureta uwe na sentensi moja isiyo na utata: mfadhili anakaribishwa, lakini mfadhili hachagui. Na liwepo fungu, hata kama ni dogo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo, na umekwishatoa mikopo kwa wasanii. Unaweza kufunguliwa dirisha la banda la taifa, fedha ziwekwe kidogo kidogo kila mwaka badala ya kuhangaika mwezi wa mwisho. Banda dogo la vyumba viwili tulilolilipia wenyewe nitalionea fahari kuliko jumba la mtu.

Ombi jingine ni kwamba maonyesho yale yarudi nyumbani. Mwaka 2024 wafanyakazi wa mashamba wa Lusanga, kule Kwilu nchini Kongo, waliojiunga kuwa wasanii kwa jina la CATPC, waliingia kwenye banda la Uholanzi na sanamu zao za mawese na kakao. Lakini hawakukubali Venice peke yake. Maonyesho yalifunguliwa na Lusanga pia, kwenye ardhi iliyokuwa ya shamba la mkoloni, na walifanikiwa kuazima kutoka jumba la makumbusho la Virginia, Marekani, sanamu ya Balot, ofisa wa kikoloni wa Kibelgiji, ambayo watu wa kabila la Wapende waliichonga mwaka 1931 wakati wa uasi wao dhidi ya Wabelgiji. Wajukuu wa wachongaji waliiona kwa macho. Sisi tunalo Jumba la Makumbusho la Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Naomba kila kinachokwenda Venice kikae kwanza pale mwezi mmoja, watoto wa shule waingie bure, na nakala ya yale maelezo ya ukutani iandikwe kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Tukiyasoma hapa kwanza, tutajua kama yanatusema sisi.

Mwishoni mwa 2024 Bienale ilimteua Koyo Kouoh, mwana wa Douala, kuandaa maonyesho makuu ya 2026. Ni mwanamke wa kwanza Mwafrika kupewa kazi hiyo. Alikuwa ameanzisha kituo cha sanaa Dakar, akaja kuongoza makumbusho ya Zeitz kule Cape Town. Mei 2025 akafariki, kazi ikiwa katikati. Aliowafanya kuwa timu yake waliamua kuendelea na mpango alioupanga, kwa jina alilolichagua. Waliweza kuendelea kwa sababu aliwaandaa. Nalitaja hili kwa huzuni, na pia kwa sababu ndicho ninachowaomba mtuanzishie hapa: watu watakaoandaliwa na waliotangulia, ndani ya nchi, kwa miaka.

Barua hii nimeileta kwa mkono wangu ofisi za Baraza na nyingine nimeituma Dodoma kwa posta. Nipo Mwenge, kwenye vibanda vya wachongaji, kila siku isipokuwa Jumapili. Yeyote mtakayemtuma ataulizia mzee wa ujamaa, ataonyeshwa. Gogo lililo miguuni kwangu sijaanza kulichonga. Lina kipenyo cha sentimita arobaini na halina ufa, siku hizi magogo ya namna hii ni adimu, na nimeliweka kivulini likauke taratibu mpaka tangazo lenu litakapotoka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchongaji wa mpingo,
Mwenge, Dar es Salaam